Harufu ya Nyumbani kwa Sajini Feruzi

Siku ya sita ya likizo yake ya siku kumi na nne, Sajini Feruzi Songoro alikunja shuka kwa pembe nne, akaliweka juu ya mto, akamshukuru mkewe kwa malazi. Alishukuru kweli kweli, amesimama mlangoni mwa chumba alichokijenga mwenyewe tofali kwa tofali, begi lake la mgongoni limeshafungwa.

"Malazi gani unayonishukuru, Feruzi?" Mwavita aliuliza. Alikuwa ameshika sahani ya mihogo ya kuchemsha, na ghafla hakujua aiweke wapi. "Mtu hushukuru malazi kwenye kitanda chake?"

"Nimezoea tu. Kule tunashukuru kila kitu."

"Zimebaki siku nane."

"Najua. Lakini kazi imebana. Unajua tena mambo ya Ukanda."

Mwavita aliyajua mambo ya Ukanda kuliko alivyotaka kuyajua. Ukanda ulikuwa kilomita mia mbili za ardhi ng'ambo ya mpaka, iliyotegwa mabomu wakati wa vita vya majirani. Vita viliisha, mabomu hayakupewa habari. Feruzi na wenzake wa Kikosi cha Uhandisi walipelekwa huko na vijiti vyembamba na subira nyingi, wakipiga magoti kutwa nzima, wakiyafukua moja moja ili wenyeji warudi kulima. Kazi ilikuwa ngumu, hilo sawa, ila mwezi ule haikuwa imebana hata kidogo. Ratiba alikuwa ameiona kwa macho yake.

Siku sita hizo zilikuwa zimemchosha kuliko miezi minane ya kumngoja. Siku ya kwanza mume alibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe, akasubiri aitikiwe. Aliketi kwenye ukingo wa kiti kama aliyekuja kuposa. Aliuliza anawie wapi mikono. Usiku aligeuka geuka kitandani hadi alfajiri. Alisifu chakula kila alipokula, asubuhi, mchana na jioni, sifa za adabu zenye kumkata maini mpishi. Kila alipoingia kutoka nje alisimama kidogo, akavuta hewa puani, uso wake ukanywea.

"Umebadilisha kitu humu ndani?" alimwuliza siku ya tatu.

"Kama nini?"

"Sijui. Naona kama si kwetu."

Sasa gari la kambi lilikuwa limefika, linapiga honi. Mwavita alimsindikiza hadi barabarani. Kabla ya kupanda, Feruzi alitoa mfukoni bahasha ya turubai, akachana lakiri yake, akatoa kidani chake na kukivaa. Askari hakuruhusiwa kukivaa akiwa likizo, lakini likizo ndiyo hiyo alikuwa ameikata. Kilikuwa kijidude cha ukubwa wa kifungo cha koti, kinachokaa kwenye kishimo cha koo. Kiliwaka taa ya kijani. Feruzi akafumba macho, akavuta pumzi, mabega yakamshuka. Hapo hapo, mbele ya mkewe aliyesimama hatua tatu tu kutoka kwake, akatabasamu lile tabasamu ambalo Mwavita alilisubiri siku sita asilipate.

Mwavita aliona wivu. Aliuonea wivu ule mfano wa kifungo, na kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyekijaza.

*

Maabara ya Ubia ilikuwa nyumba ndefu ya mabati pembezoni mwa kambi ya Bulimba, yenye milango miwili. Mmoja ulitazama uwanja wa gwaride, mwingine njia ya kwenda Chuo Kikuu cha Malagarasi. Kabati la dawa lilikuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja wa chuo na mmoja wa jeshi, ili mwanachuo asilifungue bila mwanajeshi wala mwanajeshi bila mwanachuo. Birika la chai lilikuwa la jeshi, sukari ya chuo, na mambo hayo mawili ndiyo yaliyoleta ugomvi mkubwa kuliko mengine yote katika miaka mitatu ya ushirikiano.

Wazo lenyewe lilianza na usingizi. Wafukua mabomu hawakuwa wakilala. Mtu asiyelala mikono humtetemeka, na mikono ikitetemeka kwenye Ukanda hakuna kuomba radhi. Profesa Lwebuga wa idara ya kemia ndiye aliyeuliza swali ambalo maafisa walilicheka: askari akisinzia anakumbuka nini? Alihoji askari mia. Wachache walitaja sura. Wengi walisema harufu, na wakaona aibu kusema.

Basi wakaunda mashine waliyoiita Pua, pampu yenye tumbo la kioo, inayokaa sebuleni kwa mtu kwa muda wa saa tatu na kuivuta hewa ya nyumba hiyo hadi chembe ya mwisho. Mwavita, mkemia wa maabara, alizisoma chembe hizo, akazitengeneza upya kwa dawa, akazitia kwenye kichupa kisichozidi punje ya mchele. Kidani kilisikiliza mapigo ya moyo. Yakipanda, kilitoa harufu kidogo. Moyo ulidhani uko nyumbani, ukatulia. Askari walianza kulala kwa saa saba kamili kila usiku. Kwa miezi kumi na sita kwenye Ukanda hakuna aliyepoteza hata kidole, wakati zamani kila mwaka walizika.

Asubuhi hiyo Mwavita hakuwa na hamu ya takwimu hizo. Alimwomba Koplo Ruhwanya, mwenye ufunguo wa jeshi, amletee daftari la lango.

"Unatafuta nini humo, dada?" Koplo aliuliza, akimimina chai.

"Wanaorudi likizo."

"Aa, hapo utafurahi. Zamani mtu alikuwa anarudi siku tatu nyuma ya siku yake, ana cheti cha daktari ambaye hata Mungu hamjui. Siku hizi wanawahi wenyewe. Ari ya kazi hiyo!"

Mwavita alihesabu mara mbili. Tangu mwaka uanze walikuwa wamekwenda likizo askari arobaini na mmoja. Thelathini na watatu walirudi kabla ya siku zao kwisha. Alipitisha kidole kwenye majina hayo, akawaona wake zao mmoja mmoja, kila mmoja na sahani mkononi.

*

Alhamisi alikwenda Ujiji kuchukua harufu ya nyumba ya Praiveti Kitwana, kijana mpya aliyekuwa akijiandaa kwenda Ukanda. Ziara ilikuwa imepangwa Ijumaa. Taarifa ilikuwa imepelekwa kwa mama yake siku kumi kabla, kama taratibu zinavyotaka. Lakini Ijumaa gari lilihitajika kambini, dereva akasema twende leo, siku moja ina neno gani, na Mwavita akakubali bila kufikiri.

"Shikamoo, mama," alisema mlangoni. "Mimi Mwavita, natoka maabara ya Bulimba."

Bi Tausi, mama yake Kitwana, alitoka na ndoo ya chokaa mkononi na kanga kuukuu kifuani. Alipoiona ile mashine begani mwa mgeni, uso ulimbadilika.

"Marahaba. Si mlisema kesho?"

"Gari, mama. Utusamehe."

"Nyie watu nyie! Mnaniona nilivyo?"

Nusu ya ukuta wa sebule ilikuwa imepakwa chokaa, nusu bado. Mkeka mpya ulikuwa umeegemezwa pembeni, haujakunjuliwa. Mwavita alivuka kizingiti, na harufu ya nyumba ikampokea. Palikuwa na migebuka iliyokaushwa kwa moshi, imening'inizwa jikoni. Palikuwa na mawese yaliyochemka asubuhi, sabuni ya kipande, godoro lililoanikwa lakini halikukauka vizuri, na nguo za mwanamume zilizokaa sandukuni muda mrefu. Ilikuwa nyumba ya watu, siku ya kawaida. Mwavita alisikia mwili wake wote ukilegea, na wala haikuwa nyumba yake.

"Tuiwashe hapa, mama. Panafaa kabisa."

Bi Tausi aliweka ndoo chini, akasimama katikati ya mashine na sebule. "Uiwashe uchukue nini? Huo uvundo wa samaki? Mwanangu yuko ugenini na wenzake, kila mtu anaringia kwao, wewe umpelekee samaki? Haiwezekani."

"Lakini ndiyo harufu ya nyumbani."

"Kesho ndiyo itakuwa harufu ya nyumbani! Kesho nina pilau, udi nimeshanunua, asumini naletewa na jirani, mkeka ule nautandika. Hao samaki nawahamishia kwa jirani. Mgeni haji ukamwacha anuse mambo yako ya ndani. Wewe umelelewa wapi?"

Mwavita aliitua mashine chini. Aliketi juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa bila kukaribishwa, jambo ambalo hata mtoto mdogo wa Ujiji angekemewa kwalo.

Kumbe ni sisi, aliwaza. Ni sisi wenyewe.

Nyumba mia tatu na kumi Pua ilikuwa imezipita, na zote zilipewa taarifa siku kumi kabla. Watu gani wa upande huu wa nchi wanaoambiwa chuo kikuu kinakuja na mashine, wasipike? Wasifukize? Wasipake chokaa? Mashine ilivuta kwa uaminifu mkubwa kile ilichokikuta, na ilichokikuta kila mahali ni nyumba iliyojiandaa kwa mgeni. Askari mia tatu na kumi walikuwa wakilala na nyumba za sikukuu kooni. Likizo ikifika, wakibisha hodi, wanakuta siku ya kawaida, migebuka na sabuni ya kipande, na moyo unawaambia hapa si kwenu.

Na yeye? Yeye mkemia, mwenye shahada, alikuwa amefanya nini siku Pua ilipoletwa kwake? Alisugua sakafu siku tatu. Alitundika mapazia mapya. Mtungi wa mawese aliuficha stoo pamoja na viatu vya zamani vya mumewe na kopo la rangi ya viatu, kwa sababu vilinuka. Alipika pilau, akazidisha iliki. Alichoma udi, akavaa shada la asumini kichwani, akaketi karibu na mashine saa tatu nzima kama bibi harusi, akitaka Feruzi amkumbuke akiwa katika hali hiyo. Ndivyo alivyomkumbuka. Alimkumbuka mwanamke ambaye hakuwepo.

"Mama," alimwambia Bi Tausi, "nitarudi kesho."

"Hayo ndiyo maneno," Bi Tausi alisema, akaokota ndoo yake.

*

Kanali Ghati Nyamhanga, mkuu wa kambi, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na watu walimwogopa kwa sababu hakuwahi kuipandisha. Profesa Lwebuga aliketi kando yake, akizungusha miwani vidoleni.

"Kwa hiyo kidani kinafanya kazi," Kanali alisema.

"Kinafanya kazi, afande. Kinawalaza. Lakini kinawachukua."

"Kinawachukua kutoka wapi?"

"Kutoka kwetu."

Kanali alitazama dirishani, ambako makuruta walikuwa wakifundishwa kugeuka nyuma. "Nimewapelekea wajane bendera tano, Mwavita. Zimekunjwa pembe tatu, nimeziweka mapajani mwao kwa mikono yangu hii. Tangu nyie wa chuo mlete kidani, sijapeleka hata moja. Nikiwavua wote kesho, unaniahidi nini?"

Mwavita alijua vizuri kuliko Kanali. Aliyezoea kidani akikivua ghafla, mwili uliidai ile harufu siku ishirini na moja. Usingizi ulikatika, mikono ilitetemeka.

"Basi tukusanye upya," alisema. "Twende bila taarifa."

"Kuingia majumbani mwa watu bila taarifa?" Profesa Lwebuga alicheka kidogo, cheko la uchovu. "Kamati ya maadili itatunyonga. Na hata ikikubali, ni miezi minane. Jaribio limebakiza sita. Andika ripoti, Mwavita, nitaipeleka kwenye kikao kijacho. Lakini tafadhali, kiapo unakikumbuka."

Alikikumbuka. Kabla ya jaribio kwisha, hakuna wa maabara aliyeruhusiwa kumwambia mvaaji lolote kuhusu kilichomo kooni mwake. Sababu ilikuwa ya kisayansi, wala haikuwa ya hila. Mtu akiambiwa, hunusa kwa shaka, na moyo wenye shaka hautulii. Neno moja lingeweza kukiua kidani kama vile umekivunja kwa nyundo.

"Na miezi sita ikiisha, Profesa, watarudi kwa nani?"

Profesa aliivaa miwani yake. Kanali ndiye aliyejibu, na alijibu kwa upole uliomwumiza Mwavita kuliko ukali.

"Watarudi wakiwa na mikono miwili. Mengine mtayamaliza wenyewe huko majumbani."

*

Jumanne ilikuwa zamu ya kujaza vichupa vya mwezi. Saa nne asubuhi Koplo Ruhwanya alifungua kufuli yake, Mwavita yake, kisha Koplo akaenda kutafuta sukari, maana ya chuo ilikuwa imekwisha na alitaka mtu wa chuo alisikie hilo waziwazi.

Kichupa cha Feruzi kilikuwa cha kumi na saba. Mwavita alikiweka kwenye kishikio, akavuta bomba la dawa. Mkono wa kushoto kulikuwa na chupa yenye nyumba yake, udi, iliki na asumini. Mkono wa kulia kulikuwa na kiyeyusho kitupu, rangi ile ile, uzito ule ule, kisichonuka chochote. Hakuna mizani ya Bulimba ambayo ingevitofautisha.

Alimtaka mumewe. Hili alijiambia wazi, maana alikuwa peke yake na hakuna wa kumdanganya. Alitaka wiki moja tu kule Ukanda Feruzi alale macho akiutafuta mgongo wake kitandani asiupate. Alitaka aumie, apande gari, arudi, abweteke sebuleni na viatu vyake vinavyonuka. Miaka sita ya ndoa, na kumbukumbu aliyoing'ang'ania ni ya kipuuzi kabisa. Feruzi alikuwa na kawaida ya kumwita kutoka bafuni aletewe taulo, kila siku, kila siku, kana kwamba kulikumbuka taulo kabla ya kuingia kungemvunjia cheo. Zamani jambo hilo lilimchefua. Sasa angetoa mkono mmoja asikie mtu akidai taulo.

Bomba lilikuwa tayari kwenye kiyeyusho kitupu. Alivuta nusu.

Kisha akaona waya. Aliwahi kuonyeshwa darasani, waya wa mtego wa Ukanda, mwembamba kuliko unywele wa mtoto, rangi ya majani makavu. Aliona mkono wa Feruzi ukiufuata taratibu kwa kijiti, mkono ambao haujalala siku nne na wala haujui kwa nini. Angekufa bila hata kujua nani amemuua. Mwavita alisukuma kile kiyeyusho chote kwenye sinki, akaosha bomba mara tatu, akajaza kichupa udi na iliki na asumini hadi kwenye alama, akakifunga.

Koplo aliporudi na sukari alimkuta amekaa chini kwenye sakafu.

"Dada, vipi? Umeanguka?"

"Nimechoka, Koplo. Nipe chai."

Aliinywa chai ile, tamu kupita kiasi, na alipofika mwisho wa kikombe alikuwa amekata shauri. Kumdanganya hawezi. Kumnyamazia nako ni kumdanganya tu, ila kwa hatua ndogo ndogo. Kilichobaki kilikuwa kuvunja kiapo.

*

Jumamosi saa kumi jioni familia zilipewa dakika kumi kumi katika chumba cha mawasiliano. Uso wa Feruzi ulitokea kwenye kioo, umetulia, umenawiri, taa ya kijani inawaka kooni.

"Habari za huko, Mwavita?"

"Nzuri. Feruzi, nisikilize, na usinikatize. Nikishasema hutaweza kurudi nyuma, na huenda hutalala. Kesho unaingia uwanjani?"

"Jumatatu."

"Una siku moja. Unataka nikwambie jambo la kidani?"

Feruzi aliusogeza uso karibu na kioo. Alikuwa mtu wa mabomu, alijua kitu kinachofukuliwa hakifukiwi tena.

"Niambie," alisema.

Akamwambia. Alimwambia chokaa ya Bi Tausi, siku tatu za kusugua sakafu, mtungi wa mawese na viatu vyake stoo. Alimwambia habari ya Jumanne pia, bomba na nusu yake, kwa sababu aliona akimficha hilo yote mengine yatakuwa bure. Feruzi alisikiliza. Mkono wake ulipanda taratibu hadi kooni, ukakishika kidani.

"Kwa hiyo miezi yote hii nimelala kwenye nyumba ya wageni," alisema.

"Niliipamba kwa ajili yako."

"Na viatu vyangu ukavitupa stoo."

"Vilikuwa vinanuka, Feruzi!"

Hakucheka. Taa ya kidani iligeuka njano, ikarudi kijani, ikageuka njano tena. Kilikuwa kinatoa harufu na moyo haukubali. Mwavita aliiona hofu ikimwingia mumewe usoni, hofu halisi, aliyokuwa hajaiona tangu jaribio lianze. Akatamani ayarudishe maneno yote mdomoni. Dakika kumi ziliisha, kioo kikawa cheusi.

Jumatatu Mwavita hakula. Jumanne Kanali Ghati alimwita ofisini, peke yake.

"Weka ufunguo wa maabara mezani."

Mwavita aliuweka. "Afande, Feruzi yuko hai?"

"Yuko hai. Aliripoti kwa kapteni wake Jumapili alfajiri, akasema hafai kuingia uwanjani kwa wiki tatu, apangiwe kazi nyingine. Amepelekwa jikoni. Na wewe ulimwambia mmoja tu, siyo?"

"Mmoja tu, afande."

"Askari hawi mmoja. Wameshafika ishirini na sita jikoni na stoo. Ukanda umesimama. Kuna watu kule walioahidiwa mashamba kabla ya mvua, na mvua haitawasubiri." Kanali aliugeuza ufunguo, akauangalia. "Nimekasirika, Mwavita. Ujue hivyo. Na jana nimempigia simu mwanangu, yuko kikosi cha tatu, naye anavaa kidani, nikamwuliza tunaishi mtaa gani. Ilibidi afikiri."

Kwa ishara ya kichwa alimruhusu aondoke.

Chuo kilimrudisha kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao huvunja vioo kila wiki na kumlaumu mwenzao. Ripoti yake ilikwenda kwenye kamati. Haki ya dakika kumi za Jumamosi ilibaki, kwa kuwa hiyo ilikuwa ya mke. Jumamosi ya kwanza Feruzi hakuja kwenye kioo. Ya pili alikuja, akasema ana homa, akakata. Mwavita alirudi nyumbani kwa miguu, akiamini amempoteza kwa njia zote mbili, kwa kidani na kwa ukweli, na mashamba ya watu wasiomjua akiwa ameyabeba mgongoni.

Jumamosi ya tatu alikwenda kwa kuwa hakujua pa kwenda kwingine saa kumi jioni.

Feruzi alikuwa ameshakaa. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, kidevu hakijanyolewa. Kooni hapakuwa na kitu, palikuwa na duara jeupe tu la ngozi iliyokosa jua. Alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Unaumwa?" Mwavita aliuliza.

"Siumwi. Ilianza juzi asubuhi, nasugua masufuria. Kitu kikanikaba hapa kifuani, nikadhani nakufa. Nimekwenda kwa daktari, akanipima kila kitu. Akaniuliza, una mke?"

"Ukamjibuje?"

Feruzi alifuta uso kwa kiganja.

"Nimekukumbuka, Mwavita. Inauma sana, siwezi kula, siwezi kukaa. Na mimi sikujua kama nilikuwa nimeacha kukukumbuka."

Alilia hapo hapo, sajini mzima, mbele ya foleni ya wenzake. Mwavita alisogea hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Pole, mume wangu," alisema, na moyoni hakuwa na pole hata chembe. Mumewe alikuwa mbali naye, na sasa walijua wote wawili.